Muhogo wa Mpakani

Jilo mwanangu,

Umekwenda Garsen kulipia gari la kesho, na umesema utarudi kabla jua halijatua. Basi nina alasiri moja. Naandika hapa kibarazani, mgongo ukutani, daftari juu ya goti, maana kusema siwezi tena. Mimi niliyepayuka mbele ya ubao kwa miaka thelathini, leo hata kuomba maji nanong'ona, mpaka majirani wanadhani nina siri. Siri ninayo. Ndiyo hii ninayokuandikia.

Sitakueleza habari za chandarua, wala kuchemsha maji ya mfereji kabla ya kunywa, wala watu wa kuandamana nao huko Bura. Una miaka ishirini na sita. Mwezi mzima uliopita umenibeba kwenda chooni bila kukunja uso. Mtu wa namna hiyo hafundishwi kuishi na watu. Kazi ya kuwafungulia wakulima maji ya kumwagilia utaiweza, na chumba umeshapata. Kilichoninyima raha ni jibu ulilonipa juzi. Nilikuandikia nyuma ya pakiti ya dawa, "Utakula nini?" Ukacheka, ukasema, "Baba, Bura hakukosi chapati."

Miaka kumi na tano sasa unakula chapati za watu. Nataka uache. Lakini siwezi kukuambia uache bila kukueleza ulianzaje, na kwa nini hukupaswa kuanza.

Watu wa kijiji hiki cha Wema walisema nilikufunza kupika kwa sababu ya kisomo kingi. Haikuwa hivyo. Kila mpunga ulipoanza kukomaa, mama yako alihamia shambani upande wa ziwani, akakaa juu ya dungu majuma matatu, manne, akiamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, kama wanawake wenzake. Waume wengine wakaenda kula kwa mama zao. Mama yangu alikuwa ameshafariki, na shangazi yako Yunisi mdomo wake unaujua. Sahani yake ilifika na masimango juu yake. Nilikuwa na watoto wawili na njaa. Basi ulipotimiza miaka tisa nilikusimamisha mbele ya mafiga nikakuambia chakula cha jioni cha nyumba hii, mama asipokuwapo, ni chako.

Nilikaa juu ya kigoda nyuma yako, mikono magotini. Sikushika mwiko hata siku moja. Nilisema kazi yangu ni kuangalia moto na kisu, mengine utayajua kwa kuyakosea. Siku ya kwanza ulitia chumvi mara mbili, na Esta, ambaye alikuwa na miaka minne tu, alitafuna wali ule akasema, "Jilo, umepikia bahari?" Ukamkimbiza nyumba nzima na mwiko. Siku ya tatu uliunguza. Siku ya tano au ya sita, sikumbuki, ulipima maji kwa pingili ya kidole, ukamimina tui, ukafunika, ukapalia makaa juu ya kifuniko, ukakaa chini ukingoja bila kufunua. Wali ukatoka umechambuka punje punje. Chini kulikuwa na ukoko wa rangi ya asali, na Esta alikuwa ameshakaa na kijiko kama askari mlangoni.

"Ukoko wangu," alisema. "Usimpe baba."

"Baba ni mkubwa," ukamwambia.

"Basi akue na wali."

Tangu siku hiyo ukoko ulikuwa wake. Ulikuwa ukiubandua mzima mzima kwa mwiko ili usivunjike, na yeye aliula akizunguka ua, akiwaonyesha watoto wa jirani.

Walitucheka. Mzee Buya alipita njia akakuta umejifunga kanga ya mama yako kiunoni unakuna nazi. Akaniita, "Mwalimu! Huyu ni mwanao au mke mwenza wa mamake?" Kabla sijajibu ukamwambia bila kuinua kichwa, "Karibu, mzee. Mke mwenza anapakua saa moja." Alikuja kweli saa moja, akala sahani mbili za samaki na wali, na tangu hapo hakucheka tena, bali akawa mgeni wa mara kwa mara kupita kiasi. Nilikuonea fahari mpaka nikaona haya. Naiandika fahari hiyo kwanza, ujue ilikuwapo. Mimi ndiye niliyeivunja.

Nilikufunza na sheria ya muhogo. Usifunike sufuria ya muhogo, nilisema, acha mvuke uende zake, na maji ya kwanza ya kuchemsha yamwage. Ni sheria ya bibi yako. Kwa muhogo wetu mtamu wa katikati ya shamba haikuwa na maana kubwa. Ilikuwa adabu tu ya jikoni. Na nilikuambia jambo jingine, labda umelisahau, mimi sijalisahau. Nilikuambia: "Wewe ivisha. Kinachoingia jikoni humu nitaleta mimi, na nikikileta ni salama."

Sasa nikupeleke shambani.

Shamba letu la ukingoni mwa mto unalikumbuka lilivyokuwa. Katikati muhogo mtamu, migomba upande wa maji, na kuzunguka pande zote za nchi kavu safu moja ya muhogo mchungu, ule wa shina jekundu. Kila mtu hapa alipanda hivyo. Nguruwe mwitu akija usiku huanza mpakani. Akifukua, akaonja, hukasirika akaenda zake akidhani shamba zima ni namna ile. Safu ile hatukuila. Mwaka wa njaa mama yako aliimenya, akailoweka siku tatu, akaianika juani mpaka ikawa nyeupe kama chokaa, ndipo akaitwanga unga. Wewe ulikuwa mtoto, na kuchimba haikuwa kazi yako. Muhogo ukishang'olewa na kukatwa shina, mtu asiyejua hawezi kutofautisha huu na ule.

Mwaka ule ulipokuwa na miaka kumi na mmoja, mto ulijaa kabla ya wakati wake. Mama yako na wanawake wengine walikwama upande wa ziwani wakikata mpunga mbichi kabla haujazama. Wanaume tulikuwa kwenye tuta la kuzuia mto tukijaza udongo katika magunia. Unga ulikuwa umekwisha nyumbani tangu jana yake, na maduka yalikuwa ng'ambo ya maji. Alasiri nikatoroka tutani na jembe na gunia, nikaenda shambani nikaokoe chochote.

Katikati ya shamba maji yalinifika kiunoni. Nilishika shina la muhogo mtamu, nikavuta, likaja bila mizizi. Ilikuwa imeoza au imebaki tope. Nikajaribu jingine na jingine. Maji yalikuwa yanapanda huku nayatazama. Sehemu pekee iliyokuwa juu ya maji ni ule mwinuko wa mpakani. Nikapanda pale, nikachimba. Mashina yalikuwa mekundu, Jilo. Giza lilikuwa halijaingia. Niliyaona.

Niliuma ncha ya mmoja. Ulikuwa mchungu. Nikautema, nikasukutua na maji ya mto, nikaendelea kuchimba mpaka gunia likafika nusu.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa nawaza nini. Nilichowaza ni kwamba tutauloweka. Nilipokuwa njiani nikawaza kwamba kuloweka ni siku tatu na watoto hawajala tangu asubuhi. Nilipofika mlangoni nikawa nimeshawaza kwamba nimewahi kusikia watu waliouchemsha mara mbili wakala, wakaumwa kichwa tu. Na mimi, mwalimu wa sayansi, niliyechora mzizi huu ubaoni nikaandika pembeni neno "sumu" kwa chaki nyekundu, nikaiacha fikira hiyo ikae. Nilikuwa nimechoka na nimeloa. Haitoshi kuwa sababu, lakini ndiyo iliyokuwapo.

Ulikuwa umeshawasha moto, unangoja. Ulisema, "Baba, umepata!" Ukapokea gunia kwa mikono miwili. Kisha ukauliza, "Niupike wote?" Hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya kusema. Kutoka tutani waliniita, "Mwalimu! Tuta linakatika!" Nikakuambia, "Upike. Umwage maji ya kwanza." Nikaondoka mbio. Sikula chakula chako jioni ile. Kule tutani mtu alinigawia viazi vitamu vya kuchoma, nikala nikashiba.

Mengine unayajua kuliko mimi, maana ulikuwa ndani yake. Ninayoyajua ni kwamba mvua ilinyesha, na paa la jikoni lilikuwa linavuja mahali pale pale nilipoahidi kuziba tangu kiangazi, na matone yakawa yanaingia katika sufuria. Ukafunika. Ulimwaga maji ya kwanza kama nilivyokuagiza. Mlikula wawili. Esta alisema unawasha ulimi, ukampa chumvi.

Ulikuja tutani mwenyewe, ukitapika, ukiyumba, naye umembeba mgongoni. Mtoto wa miaka kumi na mmoja, katika tope lile. Watu walikuona wewe kabla yangu. Nilipomshika Esta miguu yake ilikuwa inakakamaa na pumzi inakuja kwa vipande. Na neno la kwanza nililolitamka, mbele ya wanaume wote wale, halikuwa jina lake wala lako. Nilisema, "Ulifunika?"

Ukasema, "Mvua ilikuwa inaingia, baba. Nilifunika kidogo tu."

Njia ya kwenda kwa daktari ilikuwa chini ya maji. Tulimtia katika mtumbwi wa Mzee Buya. Hatukufika mbali.

Wewe ulikuwa mkubwa zaidi, na ulikuwa umetapika karibu chote, na baadaye ulinieleza ulikula kidogo ili yeye ashibe. Miaka yote hii umelibeba hilo pia: kwamba ulimwachia fungu kubwa. Ulimwachia kwa sababu ulimpenda, na kwa sababu baba yako alikuambia kinachoingia jikoni ni salama. Mtoto anayepika hana njia ya kujua zaidi ya yale aliyoletewa. Hilo ndilo nililojifunza kuhusu kufunza watoto kupika, na sikulisoma kitabuni. Anayepika ni wa mwisho katika safari ndefu, na akiwa mtoto, safari yote iliyo nyuma yake ni dhamana ya mkubwa. Watu huangalia mikono ya mwisho tu.

Kwenye matanga Yunisi aliuliza kwa sauti, mbele ya wazee na akina mama waliokaa kwenye mikeka, "Mtoto amekula nini?" Ulikuwa umesimama pale na birika, ukiwamiminia watu chai, maana wewe ndiye uliyekuwa mtu wa jikoni wa nyumba hii. Nilikutazama. Nikasema, "Ni muhogo. Jilo alifunika sufuria. Nilimfunza asifunike."

Kila neno katika hayo lilikuwa kweli. Ulifunika, na nilikufunza usifunike. Ndiyo maana yalinitoka kwa urahisi. Lakini mihogo ile, Jilo, ungeichemsha wazi kuanzia adhuhuri hadi usiku, ungemwaga maji mara kumi, bado ingeua. Nisomee mstari huu mara ya pili, tafadhali. Kifuniko hakikumuua Esta. Wewe hukumuua Esta. Nilimuua mimi, kwa jembe, mchana, nikiwa nimeonja na kutema.

Ulimaliza kumimina chai. Ulizunguka duara lote, kisha ukaenda jikoni, ukachukua kile kifuniko, ukaenda nacho mtoni ukakitupa. Nilikuona. Nilidhani nitakufuata nikueleze. Nikasema acha kwanza watu waondoke.

Mama yako alifika siku ya tatu kwa mtumbwi, tumeshazika. Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja: "Mlichimba wapi?" Nikasema, "Katikati." Maji yalipopungua alikwenda shambani peke yake. Alirudi na fungu la mashina mekundu kichwani, akaliweka uani, akalichoma moto, akasimama mpaka likawa jivu.

Kuanzia hapo, kila nilicholeta kutoka shambani, mama yako alikiuma kibichi kabla hakijaingia jikoni. Muhogo, kiazi, hata boga. Aliuma akinitazama usoni, akatafuna, akameza, ndipo akakipokea. Miaka kumi na mitatu, mpaka alipokufa. Wewe ulidhani ni tabia ya huzuni. Ilikuwa hukumu yangu, nami niliitumikia kila siku iendayo kwa Mungu, bila mtu mwingine kujua kuwa mahakama inaendelea. Nilifikiri inatosha. Kumbe yeye na mimi tulikuwa na yetu, na wewe ulikuwa umekaa nje unatumikia kifungo changu.

Aliwahi kukuambia, nilisikia, "Si wewe, mwanangu." Alikuambia mara nyingi. Ukadhani ni huruma ya mama. Yeye hakuweza kuendelea zaidi ya hapo bila kunitaja mimi, na kwa nini hakunitaja sijui. Huenda aliona nyumba iliyobaki na mtoto mmoja haiwezi kubaki bila baba pia. Kama ni hivyo, alinistahi kuliko nilivyostahili, na wewe ndiye uliyeumia kwa ajili ya heshima hiyo.

Nikuambie niliyoyaona nikanyamaza, usije ukadhani sikuona. Ulirudi jikoni mara chache, kwa kulazimishwa, na hukufunika sufuria tena. Wali wako ukawa umeiva chini na juu mbichi, na wenzako wakakutania, ukacheka nao. Kisha ukaacha kabisa. Kwenye sherehe za kanisa walikupa kazi ya kuteka maji na kupasua kuni. Hakuna aliyekukataza kukaribia masufuria, ila kila ulipokaribia mtu alijitokeza kukupokea. Shangazi yako hajaonja kitu kutoka mkononi mwako tangu siku ile. Nilimwona: unampa maji, ukigeuka anayamwaga taratibu kwenye mchanga. Na mwaka juzi nilikuwa nimelala, dirisha wazi, nikakusikia unaongea kwa simu na yule msichana wa Tarasaa. Ulimwambia, "Tafuta mwingine. Mimi watoto sitaki. Mimi na watoto wadogo, hapana." Ukakata simu, ukaingia kuniuliza kama nimekunywa dawa.

Nilikuwa na mdomo wakati ule. Sauti ilikuwa nzima. Nikasema, "Nimekunywa."

Jilo, sababu zangu hazina uzito, lakini nitakupa. Siku ya kwanza nilinyamaza kwa mshtuko. Mwezi wa kwanza kwa haya, kwa sababu mimi ndiye mwalimu, ndiye niliyewasomea watu barua zao na kuulizwa kila dawa. Mwaka wa kwanza kwa sababu niliona umenyamaza, nikajidanganya umesahau. Baada ya hapo nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimenyamaza. Uongo wa siku moja ningeweza kuukana. Wa miaka mitano ningelazimika kueleza na miaka mitano yenyewe. Kila mwaka ulioongezeka ukaongeza lango jingine mbele ya mlango, na mwenye kuyajenga malango yote ni mimi.

Jana ulipokwenda Tarasaa kuaga rafiki zako, nilimwita Yunisi na Mzee Buya, kwa kuwa hao ndio waliobaki kati ya waliokaa mbele kwenye mikeka siku ile. Niliwapa ukurasa niliouandika. Mzee Buya hakuja na miwani, hivyo Yunisi akasoma kwa sauti.

"Mwandiko huu unatetemeka, kaka," alisema. Kisha akasoma, pole pole, "Nilichimba... safu ya... mpakani." Akaushusha ukurasa.

"Soma," Mzee Buya akasema.

"Sisomi."

"Soma, Yunisi. Umekuwa hodari wa kusema. Leo soma."

Akasoma mpaka mwisho. Halafu akaukunja ukurasa mara nne, akanitupia mapajani. "Miaka yote hii mtoto ananipa maji nayamwaga. Nayamwaga! Na wewe umekaa kiti hicho hicho, unaniona."

"Nilikuona," nikanong'ona.

"Si ungekufa nayo? Si ungekufa nayo tu, kaka, ukaniacha na ujinga wangu?"

Mzee Buya akauliza kama wewe unajua. Nikatikisa kichwa. Hapo Yunisi akasimama wima. "Ameanza na sisi! Mtu unamkosea mtoto, unakwenda kumwomba radhi jirani?"

"Naogopa," nikasema.

"Unaogopa nini, na wewe mwenyewe ndiye huyo wa kufa?"

Ninaogopa uso wako, Jilo. Naogopa sekunde ile utakapofika kwenye ule mstari wa mashina mekundu. Sikuweza kumjibu Yunisi hivyo, nikakohoa tu, na kikohozi changu sasa hakina mwisho wa karibu. Akanipa maji. Mzee Buya alisema ukurasa ule atausoma Jumapili kanisani, baada ya matangazo, mbele ya kila mtu, neno kwa neno. Nikakubali. Utakuwa Bura siku hiyo. Hutalazimika kukaa pale watu wakikutazama. Yunisi alipofika kwenye ua akageuka. Sijawahi kumsikia akisema kwa sauti ndogo namna ile. Alisema, "Kesho jioni nakuja kula hapa. Apike yeye. Asipotaka kupika, nitakaa tu."

Kwa hiyo sikuiweka barua hii katika mzigo wako uisome ukiwa mbali. Nilifikiria kufanya hivyo. Nilishatafuta hata mfuko wa kuificha. Nitakupa mkononi utakapoingia, na nitakaa papa hapa unaposoma. Ukitaka kuniuliza, niulize, nitajibu kwa sauti iliyobaki. Ukitaka kunipita ukaenda kulala kwa rafiki na kesho uondoke bila kuniaga, Yunisi ameahidi kunihudumia, wala usihesabu hilo kuwa dhambi. Sikuombi unisamehe. Nimekaa muda mrefu na kitu ambacho si changu, ninakirudisha. Mtu anayerudisha haombi zawadi.

Ninachokuomba ni kidogo kuliko hicho. Siku moja utakuwa na mtoto, kama utaruhusu, na atakuja kusimama karibu na moto wako akitaka kukoroga. Usimfukuze. Mpe kigoda. Kaa nyuma yake. Na kila kinachoingia jikoni kwako, ukiume kwanza wewe, kama mama yako.

Mchele uko kwenye debe, ni wa shamba la mama yako, Yunisi aliuleta asubuhi umeshapetwa. Nazi mbili ziko mezani pamoja na mbuzi ya kuzikunia. Samaki Mzee Buya ameahidi kutuma, naye atakuja kula. Sufuria ni ile ile, sikuweza kuitupa. Kifuniko ni kipya. Nilimwagiza Yunisi akinunue, na nimekijaribu mwenyewe, kinakaa sawasawa.

Usipotaka kupika, tutakaa watatu na njaa yetu, na itakuwa haki. Ukitaka, pima maji kwa kidole, funika, palia makaa juu, na usifunue mpaka uive. Ukoko ubandue mzima.

Daktari amesema nisile ila uji mwepesi, kwamba punje moja yaweza kunikaba. Ninajua. Jioni ile sikula chakula chako. Leo unipakulie mimi kwanza, mbele yao, nami nitakula.

Baba yako